Majuma ya Kufunga Shule na Fasihi Isiyosahihishwa

Katika shule za bweni za wavulana zilizoasisiwa na Kanisa Katoliki nchini Kenya, muhula huwa na miisho miwili. Mwisho wa kwanza ni wa karatasi: mtihani wa mwisho hukusanywa, walimu hujifungia katika chumba chao kusahihisha, na ratiba iliyobandikwa ukutani hubaki pambo. Mwisho wa pili ni siku ya kufunga yenyewe, wavulana wanapopanga foleni kupokea ripoti zao na kuingia mabasini na masanduku yao ya mabati. Baina ya miisho hiyo miwili kuna siku kumi hivi, pengine majuma mawili, ambazo walimu wakuu wengi huziita siku zilizopotea. Hakuna silabasi inayofundishwa wala alama zinazotolewa. Makala haya yanashikilia kwamba siku hizo ndizo ambazo Kiswahili huwa hai kuliko wakati mwingine wowote katika shule hizo, na kwamba ikiwa kuna wanaozipoteza, basi ni wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, ambao wana wajibu wa kuzitazama na hawazitazami.

Historia ya shule zenyewe inaeleza kwa nini jambo hili hutokea hasa kwao. Shule ya Kabaa, iliyoasisiwa mwaka wa 1925 na Padri Michael Witte, Mholanzi wa Shirika la Roho Mtakatifu, ndiyo iliyoizaa ile inayojulikana leo kama Mang'u. Upande wa magharibi, Wamisionari wa Mill Hill waliacha alama yao huko Yala. Katika Bonde la Ufa, Mabruda wa Mtakatifu Patrick kutoka Ireland waliendesha shule ya Iten, iliyofunguliwa mwaka wa 1961. Mashirika hayo yalitoka katika nchi mbalimbali na yalikuwa na tabia mbalimbali, lakini yote yalikubaliana kwamba Kiingereza ndicho ngazi ya kumpandisha kijana wa Kiafrika, na kwamba Kilatini ndicho lugha ya altare. Kiswahili hakikuwa na kiti katika mpango huo. Hili linashangaza, kwa maana Shirika hilohilo la Roho Mtakatifu lilikuwa na Charles Sacleux, padri aliyeishi pwani ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi, ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kuchapishwa Paris mwaka wa 1939. Elimu hiyo yote ilipita mbali na milango ya madarasa ya Kenya.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya mwaka wa 1962 na 1965. Hati yake juu ya liturujia, iliyotolewa Desemba 1963, iliruhusu lugha za watu zitumike katika ibada. Katika parokia ya kijijini lugha ya watu ilikuwa lugha ya mama. Lakini katika bweni ambamo Mkamba hulala kitanda cha chini na Mluhya kitanda cha juu, lugha ya watu ilikuwa moja tu. Mlango wa pili ulifunguliwa na mfumo wa 8-4-4 mwaka wa 1985, Kiswahili kilipofanywa somo la lazima lenye mtihani. Hata hivyo, nje ya kikanisa na nje ya kipindi, Kiingereza kiliendelea kutawala. Zipo shule nyingi ambamo Kiswahili hutengewa siku moja au mbili kwa juma, na mwanafunzi anayekizungumza siku nyingine huandikwa jina lake au huvikwa kidani cha kumwaibisha. Ratiba inapolegea mwishoni mwa muhula, amri hiyo nayo hulegea. Kiranja aliyekuwa akiandika majina huwa ameshachoka, au yumo jukwaani.

Inafaa kuanza na Misa, kwa kuwa ndiyo kilele cha majuma hayo. Kwa desturi, watahiniwa wa Kidato cha Nne huombewa Misa ya pekee kabla ya mtihani wa kitaifa. Wazazi hualikwa. Watumishi wa altare hutangulia na msalaba na mishumaa, kwaya ikifuata kwa mwendo wa kunesa, ngoma na kayamba zikiungana na kinanda. Kwa kuwa shule haina wasichana, sauti ya juu huimbwa na vijana wa madarasa ya chini ambao sauti zao bado ni nyembamba, na hapana mlezi wa kwaya asiyejua uchungu wa kufungua muhula mpya na kukuta waimbaji wake watatu bora wa sauti ya kwanza wamehamia besi. Wakati wa vipaji, watahiniwa hupeleka altareni mkate na divai, na pamoja navyo kalamu, rula, vikokotoo na mikebe ya vifaa vya hisabati. Kasisi huvinyunyizia maji ya baraka. Wapo wanaoucheka ubarikiwaji huo wa vikokotoo, lakini mzazi aliyeuza ng'ombe ili alipe karo hacheki.

Mwanafunzi wa Kiswahili akiitazama sherehe hiyo kwa jicho la taaluma yake ataiona miviga, kamili na bila upungufu. Kuna kundi linalovushwa kutoka hali moja ya maisha hadi nyingine. Kundi hilo huketishwa mbele, mbali na wengine. Kuna maleba, kuna mahali maalumu na wakati maalumu, kuna vifaa vyenye maana inayozidi matumizi yake ya kila siku. Kuna wazee wanaopitisha hekima: homilia ya kasisi ni mawaidha kwa kila kigezo kilichomo katika vitabu vya fasihi simulizi, pamoja na methali zake, maswali yake ya balagha na takriri zake. Kisha husimama nahodha wa shule kutoa shukrani. Huyo ni mlumbi. Muhula mzima ametoa matangazo kwa Kiingereza katika paredi, lakini siku hiyo mbele yake wameketi mama, baba na bibi waliosafiri usiku kucha, na Kiingereza hakitamfikisha kwao. Hapo ndipo hugundulika kama kijana ana Kiswahili cha kusimama nacho hadharani au ana kile cha kujazia nafasi katika karatasi ya mtihani. Baadhi yao hung'ara ajabu. Wengine hukwama baada ya sentensi ya tatu, na kukwama kwao kunaufundisha umma jambo ambalo ripoti haitasema.

Nyimbo zenyewe zinastahili utafiti wake. Nyingi ya nyimbo za Kiswahili zinazoimbwa katika parokia za Kenya zilitungwa Tanzania, zikavuka mpaka kwa kanda, kwa karatasi zilizonakiliwa kwa mkono na kwa vichwa vya walimu wa kwaya. Zinapofika katika shule ya wavulana hubadilika. Ubeti huongezwa, mdundo huharakishwa, neno la mtaani huchomekwa mahali ambapo kasisi hatalisikia kwa urahisi. Kule bafuni na wakati wa usafi wa jumla, wavulana wanaposugua sakafu za mabweni kwa sabuni na matambara, wimbo uliokuwa wa Komunio hugeuka kuwa hodiya. Anayeutafuta ushahidi kwamba fasihi simulizi hubadilika kwa kutegemea hadhira na muktadha hana haja ya kusafiri mbali. Ndoo na brashi zitamtosha.

Kutoka kikanisani hadi bwaloni ni hatua chache, lakini lugha hupiga hatua ndefu. Jumamosi ya mwisho wa muhula meza za bwalo husukumwa kando, shuka mbili huunganishwa kuwa pazia, na usiku wa vichekesho huanza. Mtindo hauna siri: wavulana huigiza walimu wao. Naibu wa mwalimu mkuu anayetembea bila kusikika huonekana akinyatia mlango ambao haupo. Mwalimu wa kemia husahau alichokuwa akisema katikati ya sentensi, akapangusa miwani, akaanza upya. Mpishi hupima maharagwe kwa macho ya mtu anayepima dhahabu. Hadhira hupasuka kwa kicheko kabla mwigizaji hajatamka neno, kwa sababu mwendo na bega lililoinama vimeshasema yote. Ni maigizo yasiyo na mwandishi. Matini yake hukaa katika kumbukumbu za waigizaji, huongezwa papo hapo kwa kuitikia kicheko, na hayarudiwi tena namna ileile.

Ndani ya usiku huo mna tanzu kadhaa zilizofungamana. Zipo lakabu, zinazotolewa kwa ufundi ambao washairi wangeuonea wivu. Mwalimu anayetokea pasipotarajiwa huitwa Ukungu. Anayejibu kila swali kwa swali huitwa Sokrati. Aliyewahi kuahidi nyama na ikaja githeri huitwa Ahadi hadi siku atakapohamishwa. Kila lakabu ni istiari au kinaya kilichofupishwa hadi neno moja, na hurithiwa kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi hadi asili yake ikasahaulika. Vipo vivugo vya mabweni, hasa mwaka ambao bweni lenye jina la mtakatifu fulani limelishinda jingine katika kandanda, na watakatifu hao wawili, waliokufa kwa amani, hujikuta wakitambishwa kama majemadari. Upo mchongoano, utanzu ambao Kenya inaweza kujivunia kwamba uliingia vitabuni ukiwa bado unapumua. Mvulana mmoja humwambia mwenzake kwamba kunguni wa bweni lao wameshachagua kiranja, naye mwenziwe hujibu kwamba angalau wao wana uongozi. Hakuna aliyewafundisha kuwa jibu la mchongoano lazima lichukue picha ya mshambulizi na kuigeuza. Wanajua.

Hapa hutokea pingamizi ambalo husikika mara nyingi katika idara za Kiswahili: lugha ya usiku huo ni Sheng, na Sheng haistahili kalamu ya mtafiti wa fasihi. Pingamizi hilo ni dhaifu kuliko linavyosikika. Mvulana aliyepiga mchongoano kwa Sheng Jumamosi usiku ndiye anayesimama Jumapili asubuhi kusoma somo la kwanza kwa Kiswahili sanifu, akizingatia vituo na shada, bila kuteleza. Saa chache tu zimepita. Hakuna aliyempa zoezi la kubadili rejista. Amebadili kwa sababu mahali, hadhira na shughuli vimebadilika. Karatasi ya pili ya Kiswahili humtaka ataje sifa za rejista ya kidini, naye huzikariri kutoka kwenye daftari kama orodha ya miji mikuu ya mataifa ya mbali. Ilhali rejista hiyo anaivaa kila Jumapili pamoja na kanzu yake ya utumishi.

Huo ndio mkanganyiko ulioko katika ufundishaji wa fasihi simulizi kwa jumla. Karatasi ya tatu, ile ya 102/3, huuliza kuhusu miviga, ulumbi, malumbano ya utani, mawaidha, lakabu na ngomezi. Mwanafunzi hufundishwa kwamba mambo haya yalikuwa ya wazee, kando ya moto, katika jamii isiyojua kusoma. Huambiwa kwamba ngomezi ni ngoma iliyopeleka habari za vita au msiba, kisha kengele ya shule hulia, naye huinuka na kwenda bila kujiuliza ni nani aliyemwambia nini. Vitabu kadhaa hutaja kengele kuwa ngomezi ya kisasa, lakini kwa mstari mmoja, kama jambo la kando. Matokeo yake ni kwamba kijana huhitimu akiamini kuwa fasihi simulizi ni maiti inayohifadhiwa, na anapofika chuo kikuu hubeba imani hiyo hadi katika uchaguzi wa mada ya tasnifu. Riwaya ileile huchambuliwa mara ya kumi kwa nadharia ya kumi na moja. Tanzu zinazotendwa na maelfu ya vijana kila Aprili, kila Agosti na kila mwisho wa mwaka hazina mwandishi.

Udhuru wa gharama hauna mashiko. Kila mwaka wanafunzi wa shahada ya ualimu hutumwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, wengi wao katika muhula wa pili. Hukaa huko hadi Agosti. Huwepo wakati wa mitihani, wakati wa Misa, wakati wa vichekesho. Mara nyingi ndio wanaopewa ulezi wa vyama vya Kiswahili na vya uigizaji kwa sababu ni vijana na hawana familia ya kuikimbilia Jumamosi. Wahadhiri nao hufunga safari kuwakagua. Kwa maneno mengine, idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Kenya zina watafiti waliokwisha kulipiwa nauli na kufikishwa uwanjani, lakini mkaguzi huketi nyuma ya darasa, hujaza fomu kuhusu matumizi ya ubao, kisha huondoka saa mbili kabla ya pazia la shuka kufunguliwa. Kinachokosekana ni agizo dogo: kila mwalimu-mwanafunzi arudi na rekodi moja, iliyopatikana kwa idhini ya shule na ya waigizaji, ikiwa na maelezo ya mahali, wakati, hadhira na mabadiliko yaliyotokea katika utendaji. Baada ya miaka mitano kungekuwa na hazina ambayo hakuna chuo kimoja peke yake kingeweza kuikusanya.

Haifai, hata hivyo, kuyachora majuma haya kwa rangi moja. Vichekesho vya wavulana huweza kuwa vikatili. Mono, yaani mwanafunzi mgeni wa mwaka wa kwanza, hupandishwa jukwaani pengine bila hiari na kufanywa ngoma ya kupigwa na kila mtu. Lafudhi ya kabila fulani huigwa hadi kicheko kinakuwa na makali, na katika nchi iliyoshuhudia umwagaji wa damu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, hakuna mwalimu anayeweza kusema kwa moyo mweupe kwamba huo ni utani mtupu. Wanawake huigizwa na wavulana waliojifunga leso, na mara nyingi mwanamke huyo ni mpumbavu au mchoyo, kwa kuwa hakuna msichana ukumbini wa kupinga. Mtafiti atakayekwenda huko akitarajia usafi wa kichungaji atashtuka. Lakini kushtuka si hoja ya kutokwenda. Kama fasihi hii ina sumu, mwalimu wa fasihi ndiye aliyefunzwa kuitambua, na mjadala wa darasani kuhusu kichekesho kilichopita mpaka ungekuwa na maana kuliko maswali mengi ya taswira na dhamira anayoyauliza.

Lipo pingamizi zito zaidi, nalo ni hofu. Mwalimu mkuu wa shule ya bweni nchini Kenya haogopi kelele za usiku wa vichekesho, anaogopa moto. Machi 2001 moto wa bweni katika shule ya Kyanguli, Machakos, uliwaua wavulana 67. Mwaka wa 2016 zaidi ya shule mia moja zilichomwa. Katika mwaka huohuo Wizara ya Elimu, chini ya Waziri Fred Matiang'i, ilipiga marufuku ziara za wazazi, siku za maombi na shughuli nyingine za kijamii katika muhula wa tatu, lengo likiwa kuuzima wizi wa mitihani, na Misa ya watahiniwa ikalazimika kutafutiwa tarehe nyingine katika kalenda. Mtu hawezi kuzibeza hatua hizo akiwa mbali na wajibu wa kuwahesabu wavulana elfu moja kila usiku. Lakini hatua za namna hiyo zina tabia ya kuenea kupita lengo lake. Kilichoanza kama ulinzi wa mtihani huwa kisingizio cha kunyamazisha kila kitu: vichekesho hufutwa, mchezo wa darasa huahirishwa hadi usahaulike, na siku kumi hujazwa masomo ya ziada ambayo hakuna anayeyasikiliza.

Hapo ndipo swali la lugha linapokuwa swali la usalama. Mvulana anayelalamikia uji wenye wadudu ana njia chache za kulisema jambo hilo. Akiliandika, ataitwa mchochezi. Akilisema katika paredi, ataitwa mkaidi. Lakini jukwaani, ndani ya mwili wa mpishi wa kubuni, anaweza kulisema mbele ya mwalimu mkuu mwenyewe, na mwalimu mkuu akacheka, na kesho yake akaenda kimya kimya kuangalia ghala. Jamii za Kiafrika ziliujua utani wa namna hii tangu zamani na zikaulinda kwa masharti: mtani alikuwa na ruhusa ya kusema ambacho mwingine angeadhibiwa kwa kukisema. Haidaiwi hapa kwamba kichekesho huzuia moto. Kinachodaiwa ni kwamba shule iliyoiziba njia hiyo haina budi kueleza imefungua ipi badala yake. Yapo pia mazoea ya mlezi wa chama kuisoma kila matini kabla ya kuigizwa na kukata kila kinachomhusu mtu mwenye cheo. Kuchuja matusi ni haki. Kuchuja malalamiko ni jambo jingine. Yaliyotokea Aprili 2025, wanafunzi wa Butere Girls walipokataa kuigiza mchezo wao katika tamasha la kitaifa mjini Nakuru na polisi wakarusha vitoa machozi nje, yalionyesha taifa zima jinsi watu wazima wanavyoweza kuliogopa jukwaa la watoto.

Matamasha hayo ya kitaifa yanastahili neno moja la ziada. Tamasha la Muziki lilianza mwaka wa 1927 na lile la Drama mwaka wa 1959, na fainali zake huangukia kwa kawaida mwezi wa Agosti na mwezi wa Aprili, yaani palepale muhula unapofunga. Yamelea vipaji, na mashairi ya kughani ya Kiswahili yasingekuwa na hadhira ya vijana bila hayo. Lakini tamasha huwachagua wachache na kuwarudisha wengine bwenini. Shule yenye wavulana elfu hupeleka thelathini. Kichekesho kinachofuzu huwa kimesuguliwa na mtunzi wa kukodiwa hadi wavulana waliokianzisha hawakitambui. Matini ya tamasha ni fasihi andishi inayotamkwa kwa sauti; kile cha bwaloni ndicho kinachobaki kuwa simulizi.

Mfano wa Iten unafundisha jambo, ingawa hauhusu lugha. Bruda Colm O'Connell alifika katika shule hiyo mwaka wa 1976 kufundisha jiografia, bila kusomea ukufunzi wa riadha. Mbio zilikuwa shughuli ya nje ya darasa, za kujazia saa za jioni. Alizichukulia kwa uzito. Mwaka wa 1988 Peter Rono, kijana wa shule hiyo, alishinda dhahabu ya mita 1500 huko Seoul, na leo jina la Iten hutamkwa kote duniani. Miguu ya wavulana ilikuwepo siku zote. Kilichoongezwa ni mtu mzima aliyesimama kando ya uwanja na kutazama kwa makini, mwaka baada ya mwaka. Ndimi zao bado hazijapata mtu wa namna hiyo.

Mabadiliko ya mtaala yanalifanya jambo hili kuwa la haraka. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia katika shule za sekondari ya juu, wakigawanywa katika mikondo mitatu, mmoja ukiwa wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wapo wanaosherehekea kwamba uigizaji sasa umepata kiti rasmi. Sherehe hiyo ina kasoro. Shule kongwe za wavulana zinajulikana kwa sayansi na zitaendelea kuwavuta wanasayansi. Sanaa ikishakuwa mkondo wa wachache walioichagua, itakuwa rahisi kumwambia mwana wa fizikia kwamba jukwaa si lake. Usiku wa vichekesho haukuwahi kuuliza mtu alichagua somo gani. Aidha, mara utendaji unapoanza kupewa alama, mvulana hujifunza kumchekesha mtahini, na mtahini si hadhira ya kuaminika. Watahiniwa wa mwisho wa 8-4-4 wataufanya mtihani wao mwaka wa 2027. Wakiondoka, wataondoka na lakabu, nyimbo na mchongoano wa karibu miaka arobaini, mwingi wake ukiwa haujawahi kuandikwa popote.

Baadhi yake huandikwa, kwa kweli. Wavulana huandika matini za michezo yao katika kurasa za nyuma za madaftari ya hesabu, kwa penseli, kukiwa na mishale inayoonyesha nani aingie kutoka wapi na maneno yaliyofutwa baada ya mlezi kuyakataa. Huandika pia mashairi ya kuagana, na orodha za lakabu za walimu kwa mpangilio wa alfabeti. Asubuhi ya siku ya kufunga, usafi wa jumla unapokamilika, madaftari hayo hurundikwa nyuma ya jikoni pamoja na karatasi za mitihani ya zamani na godoro moja au mawili yaliyopasuka, na mfanyakazi wa shamba huyatia kiberiti. Mwalimu-mwanafunzi kutoka chuo kikuu, ambaye fomu zake za ukaguzi zimeshajazwa na kutiwa sahihi, huupita moshi huo akielekea langoni kutafuta matatu.